Povu la silikoni: kuumuka ni rahisi, kurudi ndiko kugumu

Masanduku ya barafu ninayoletewa karakanani hapa Malindi, mengi yakitoka kwa wavuvi wa Ngomeni na Mayungu, huwa bado yana miaka mingi mbele yake. Faibaglasi yake ni nzima, bawaba zake zinafunguka, na hata rangi haijabambuka sana. Kilichokufa ni ukanda wa sponji uliobandikwa ukingoni, baina ya sanduku na kifuniko. Ukanda huo ukishalala bapa, hewa ya moto hupenya mchana kutwa, barafu huyeyuka kabla mashua haijarudi pwani, na mnunuzi akishaonja harufu ya samaki hukata bei bila ya kueleza sababu. Kazi ya kutafuta ukanda usiolala ndiyo iliyonifikisha kwenye mpira wa silikoni uliotiwa povu, na makala haya yanahusu namna ninavyoutengeneza na, zaidi ya hapo, namna ninavyoupima. Wageni wa karakana hupenda kuuliza povu limeumuka mara ngapi. Mimi huona swali hilo ni dogo. Swali kubwa ni kama povu hilo, likibanwa usiku kucha katika joto kisha likaachiwa, litarudi katika unene wake.

Sponji ya kawaida ya magodoro na viti ni poliyurethani. Huumuliwa na kaboni dayoksaidi inayotoka pale kemikali ya isosayaneti inapokutana na maji, na ni nyenzo nzuri kwa mahali pakavu penye kivuli. Pwani haina ukavu huo. Aina nyingi za sponji hiyo, hasa zile zenye asili ya poliesta, hukatwakatwa polepole na unyevu wa hewa mpaka minyororo ya molekuli ikalegea, huku jua likizichoma kwa juu. Yeyote aliyefungua spika ya zamani akakuta ule ukingo wa sponji unaozunguka koni umegeuka ungaunga unaonata vidoleni ameshaona mwisho wa safari hiyo.

Silikoni imejengwa kwa namna nyingine. Uti wake wa mgongo si kaboni bali ni atomi za elementi iitwayo nayo silikoni na za oksijeni zikipokezana, na kifungo baina ya hizo mbili kina nguvu ya takriban kilojuli 450 kwa moli, ilhali kile cha kaboni kwa kaboni hukaribia 350. Ndiyo sababu mpira wake wa kawaida hubaki mpira kuanzia nyuzi 50 chini ya sifuri hadi nyuzi 200 hivi, na jua la adhuhuri haliupasui. Vijana wa Ngomeni hunielewa upesi nikiwaambia kwamba nyayo za viatu vya nje walivyokanyagia mwezini wanaanga wa Apollo 11 zilikuwa za mpira wa silikoni. Kijiji chao kinatazamana na majukwaa ya San Marco, ambako setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, na mambo ya anga kwao si hadithi za mbali. Hata hivyo silikoni ina kasoro mbili ambazo muuzaji hatazitaja: ni ghali, na huchanika kwa urahisi ikishapata mkato mdogo. Mwenye kutafuta kitu cha kuvutwa na kukwaruzwa atafute mpira mwingine.

Povu ninalolimimina huja kama vimiminika viwili, A na B, na ndani yake mna kazi mbili zinazokwenda kwa wakati mmoja, zote zikihimizwa na chembe kidogo sana za platini. Kazi ya kwanza ni ya kuunganisha: vikundi vya atomi viitwavyo vinili vilivyo kwenye mnyororo mmoja hushikana na vikundi vyenye silikoni na haidrojeni kwenye mnyororo mwingine, na kimiminika hugeuka mpira. Kazi ya pili ni ya kuumua: vile vikundi vya silikoni na haidrojeni vikikutana na vikundi vya haidroksili, yaani oksijeni na haidrojeni, hushikana navyo na kuachia gesi ya haidrojeni, ambayo hubaki imenaswa kama viputo. Gesi inayohitajika ni ndogo kwa uzito kuliko mtu anavyodhania. Gramu 2 za haidrojeni, katika joto la nyuzi 30, hujaza karibu lita 25.

Haidrojeni hiyo haina rangi wala harufu, na hushika moto ikiwa baina ya asilimia 4 na 75 ya hewa. Kwa sababu hiyo mimi humimina nikiwa nimefungua milango yote miwili ya karakana, pasiwe na jiko, sigara wala mashine ya kuchomelea karibu, na mabaki ya mchanganyiko hayafungiwi kamwe ndani ya chupa yenye kifuniko. Chupa iliyofungwa juu ya mchanganyiko unaoendelea kutoa gesi itapasuka.

Ugumu wote wa kazi hii umo katika mbio za hizo kazi mbili. Gesi ikitangulia sana, viputo hukua kabla ya mpira kushika, kuta zake nyembamba hupasuka, viputo huungana, na povu lililopanda vizuri hushuka lote likaacha kitu kizito chenye mashimo makubwa chini na ngozi iliyokunjamana juu. Mpira ukitangulia kushika, gesi haina pa kwenda, na unapata kipande kigumu kilichoumuka nusu. Mtengenezaji wa vimiminika ameshapanga mbio hizo ziende sambamba, lakini amezipanga kwa joto la chumba cha nyuzi 23 au 25. Malindi wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari au Machi, karakana yenye paa la mabati huwa na joto kubwa kuliko hilo, na kwa jumla kila nyuzi 10 zinazoongezeka hufanya kazi za kemikali ziende takriban mara mbili ya kasi yake. Muda wa kukoroga ulioandikwa kwenye kopo basi ni wa nchi nyingine. Kabla hujamaliza kukwangua pembe za bakuli, mchanganyiko umeshaanza kufura mikononi mwako.

Dawa yangu ni kuyaweka makopo yote mawili, yakiwa yamefungwa, ndani ya sanduku la barafu kabla ya kazi, na kufanya kazi alfajiri. Hapa pana mtego. Kopo baridi likitolewa katika hewa ya pwani hutoka jasho papo hapo, na tone la maji likiingia ndani nalo litafanya kazi na vile vikundi vya haidrojeni na kutoa gesi ya ziada isiyokuwa katika hesabu. Kwa hiyo makopo hufutwa kwa kitambaa kikavu, hasa ukingo wa kifuniko, na hayafunguliwi mpaka mizani iwe tayari. Wakati wa kusi, upepo unapokuwa wa baridi kidogo, usumbufu wote huu hauhitajiki.

Kumimina kwenyewe hakuna siri kubwa kwa mtu aliyewahi kusimama jikoni mkate wa sinia ukipikwa: kalibu hujazwa sehemu tu, na nafasi iliyobaki huachiwa povu. Kama nataka liumuke mara tatu, hujaza theluthi moja. Kalibu langu ni la alumini, lina mfuniko wenye matundu madogo ya kutolea hewa, na mfuniko huo huamua mengi, kwa maana povu lililozuiwa kupanda huwa na viputo vidogo na densiti kubwa kuliko lililoachwa wazi. Kukoroga ni kwa haraka lakini si kwa hasira. Ukikoroga kidogo mno utaona mistari inayonata isiyoiva kamwe, na ukizidisha unavunja viputo ambavyo vimeanza kuzaliwa.

Platini ina maadui, nao wamejaa katika karakana za pwani. Salfa ni wa kwanza: glavu za lateksi, baadhi ya udongo wa kufinyangia na vipande vingi vya mpira mweusi vinaweza kuizima, na silikoni iliyovigusa hubaki uji unaonata hata ukiisubiri wiki nzima. Silikoni za bei nafuu zinazoivishwa kwa bati nazo huizima, vivyo hivyo epoksi mbichi yenye kigumishi cha amini, ambayo mafundi wa mashua huitumia. Natumia glavu za nitraili, kalibu la kumimina halipelekwi kwenye meza nyingine, na kila kitu kipya kitakachogusana na mchanganyiko hupakwa kwanza tone moja kwenye kona na kuachwa mpaka asubuhi.

Ipo njia nyingine ya kutia mpira mashimo isiyohitaji gesi kabisa, nayo inatupendelea sisi wa upande huu kwa sababu mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni yako jirani. Unachukua silikoni ya kawaida isiyo na povu, unaichanganya na chumvi iliyosagwa na kuchekechwa, unaiacha iive, kisha unailoweka katika maji ya moto yanayobadilishwa mara kwa mara mpaka chumvi yote itoke na kuacha vishimo vyenye ukubwa wa chembe zake. Hesabu yake ni nzuri kwa mwanafunzi. Gramu 100 za silikoni yenye densiti ya gramu 1.1 kwa sentimita ya ujazo huchukua sentimita za ujazo 91, na gramu 200 za chumvi yenye densiti ya 2.16 huchukua karibu 93. Kwa hiyo nusu ya kipande itakuwa matundu, na kikishakauka kinapaswa kuwa na uzito wa gramu 100. Kikiwa na gramu 130, gramu 30 za chumvi zimefungiwa ndani, zimezungukwa na mpira pande zote, na maji hayatazifikia. Ndipo unapojua kwamba chembe hazikugusana, na kwamba mara nyingine chumvi iongezwe. Ukubwa wa matundu unaamuliwa na chekeche, jambo ambalo gesi haikupi. Lakini povu la namna hii lina njia zilizo wazi kutoka uso mmoja hadi mwingine, linakunywa maji kama kawaida ya sponji, na kwa ukanda wa sanduku la barafu halifai hata kidogo. Nalitumia kwa pedi na vichujio.

Sasa vipimo. Cha kwanza ni densiti, nacho ni cha rula na mizani. Nakata mchemraba wa sentimita 5 kila upande kutoka katikati ya bamba, si pembeni, kwa sababu sehemu iliyogusa kalibu ina ngozi nzito itakayodanganya hesabu. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 125. Ukiwa na gramu 30, densiti ni 0.24, na kwa kuwa mpira usio na povu ni 1.1, takriban asilimia 78 ya mchemraba huo ni hewa. Namba hii moja inasema mengi kuhusu ulaini. Katika povu lenye viputo vilivyo wazi, ukakamavu hushuka karibu kwa mraba wa uwiano wa densiti, kanuni iliyowekwa wazi na watafiti Lorna Gibson na Michael Ashby, kwa hiyo povu la 0.24 lina ukakamavu wa sehemu moja tu kati ya ishirini na kitu ya mpira mzima. Ukiongeza densiti kwa nusu, hadi 0.36, ukakamavu hauongezeki kwa nusu, bali huzidi mara mbili. Ndiyo sababu siwezi kuwavumilia wanaosema bamba mbili "zinakaribiana uzito" na kwa hiyo ni sawa.

Kipimo cha maji ni kifupi. Kipande hupimwa uzito, huzamishwa ndani ya maji chini ya jiwe, hutolewa, hufutwa, na hupimwa tena. Povu la haidrojeni mara nyingi ni mchanganyiko wa viputo vilivyofungika na vilivyo wazi, hivyo uso uliokatwa kwa kisu hunyonya kuliko uso wenye ngozi, na ukanda uliokatwa sharti upakwe silikoni nyembamba mahali pa mkato.

Kisha huja mbano. Ukiweka kipande chini ya kibao na kuongeza mawe ya mizani moja baada ya jingine huku ukisoma unene, utaona sehemu tatu: mwanzoni povu hushindana nawe, kisha kuta za viputo hupinda na unene huporomoka kwa nyongeza ndogo tu ya uzito, na mwisho kuta hugusana na povu huwa gumu tena kama mpira usio na tundu. Ukanda wa kifuniko unatakiwa kufanya kazi katika sehemu ya pili, ambako ukingo usionyooka vizuri bado hupata mguso ulio karibu sawa mahali pote. Jambo la kuangaliwa ni kwamba mbano wa kwanza hudanganya. Silikoni iliyotiwa unga wa silika hulegea baada ya kubanwa mara ya kwanza, na vipimo vya mara ya pili na ya tatu huwa chini. Mimi hukibana kipande mara kadhaa kabla ya kuandika chochote daftarini.

Nahodha mmoja mtu mzima, ambaye kwa heshima namwita Ami, alikuja kuchukua ukanda wake, akaufinya baina ya vidole viwili na kutikisa kichwa.

"Mwanangu, kitu chenyewe laini hivi. Kifuniko kikikilalia mwezi mzima, si kitakuwa karatasi?"

"Ami, ndiyo sababu sikupi leo. Ndugu yake yumo ovenini tangu jana, amebanwa. Akitoka mzima, na wako utakuwa mzima."

Ami aliuliza kile ambacho wenye viwango waliuliza kabla yake. Katika kiwango cha ISO 1856, kilichotungwa kwa ajili ya mapovu laini, kipande hubanwa baina ya mabamba mawili hadi nusu ya unene wake, hukaa saa 22 katika nyuzi 70, huachiwa, hupewa dakika 30 za kupumua, na hupimwa. Mabamba yangu ni ya chuma, yamekazwa kwa bolti nne, na baina yake mna vipande vya bomba vilivyokatwa kwa urefu mmoja ili mbano usizidi wala kupungua. Oveni ni ndogo ya umeme, ila kipimajoto ni cha kwangu na kimewekwa kando ya kipande chenyewe, maana namba zilizochorwa kwenye kitufe cha oveni ni za mapambo. Kuhusu nyuzi 70, asiseme mtu kwamba ni nyingi mno. Chuma cheusi kilichoachwa juani adhuhuri hapa kwetu hakishikiki kwa mkono.

Anayelinganisha matokeo yake na karatasi za watengenezaji awe macho, kwa sababu hesabu ziko mbili. Tuseme kipande cha milimita 20 kilibanwa hadi 10, na baada ya kuachiwa kikarudi hadi 19. Kimepoteza milimita 1. Kwa hesabu ya ISO 1856, milimita hiyo hugawanywa kwa unene wa mwanzo, na jibu ni asilimia 5. Kwa hesabu ya kiwango cha Kimarekani cha ASTM D395, kwa njia yake inayoitwa B, hugawanywa kwa kiasi kilichobanwa, yaani milimita 10, na jibu ni asilimia 10. Kipande ni kile kile. Muuzaji aliyetaja asilimia peke yake bila ya kutaja kiwango, joto na saa hajasema kitu, na mimi huiweka karatasi yake kando.

Kinachoboresha namba hii kuliko kingine chochote nilichowahi kukitumia ni kurudisha bamba ovenini baada ya kuiva, likiwa halijabanwa, kwa saa kadhaa katika joto lililo juu ya lile litakalokutana nalo kazini. Joto hilo humalizia miungano iliyobaki nusu na kufukuza molekuli ndogo zisizoshikamana na kitu. Miungano iliyobaki wazi ikimalizikia ndani ya kifuniko, povu likiwa limebanwa, mpira hujifunga katika umbo lile la kubanwa na hauna sababu ya kurudi. Bamba lililotoka kalibuni jana na lile lililopitishwa ovenini hufanana kwa macho, kwa uzito na kwa vidole, na tofauti yao huonekana kwenye mabamba ya chuma tu. Oveni nayo iwe na tundu la hewa, kwa sababu gesi kidogo bado hutoka.

Ukanda uliofaulu hubandikwa kwa silikoni ya dukani, ile inayonuka siki wakati wa kukauka, kwa kuwa gundi nyingine nyingi hubanduka kwenye silikoni kama zimepakwa juu ya mafuta. Harufu hiyo ni ya asidi ya asetiki, ambayo hula shaba na mabati, kwa hiyo katika masanduku yaliyopigwa bati natafuta aina isiyonuka. Kisha naweka vizuizi. Kwa ukanda wa milimita 12, kila pembe ya sanduku hupata kipande cha mbao ngumu chenye urefu wa milimita 8 juu ya ukingo, ili kifuniko kikifungwa ukanda ubanwe kwa theluthi moja na usizidi hapo, hata kama mabaharia wawili wataamua kukalia sanduku kuanzia Ngomeni hadi Malindi. Ami alivitazama vizuizi hivyo, akauliza bei yake, nikamwambia mbao ni bure.